Nyumba Iliyokaa Tupu: Kisa cha Viroboto, Mbwa Mmoja na Paka Wawili

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe nikiwa daktari wa wanyama, kuanzia usiku paka alipoletwa akitetemeka hadi siku chanuo lilipopitishwa kwa wanyama wote watatu likatoka tupu. Nimeondoa majina, mahali na kila kinachoweza kuitambulisha familia, na wenyewe wameridhia kiandikwe. Nimekichagua kwa sababu ndani yake yamo karibu makosa yote ninayokutana nayo kwenye mapambano na viroboto, na yalifanywa na watu makini wanaowapenda wanyama wao. Kosa moja ni langu.

Hali ilivyokuwa

Familia ilikuwa ya watu wanne: baba, mama, binti wa miaka 9 na mdogo wake aliyekuwa bado anatambaa. Wanyama walikuwa watatu. Mbwa dume wa kilo 24, mwenye mazoea ya kumfuata mama chumba hadi chumba. Paka jike wa miaka 11, mtaratibu, asiyependa kubebwa. Na paka dume kijana ambaye hakuwa ametimiza mwaka.

Walikuwa wamehamia nyumba iliyokaa bila mtu kwa wiki kumi hivi. Waliokuwemo kabla yao walifuga paka. Sebule yote ilikuwa imetandikwa zulia, na vyumba vya kulala vilikuwa na sakafu ya mbao yenye nyufa. Naomba msomaji ayashike haya mawili, wiki kumi na zulia, maana ndiyo yaliyoamua mambo kabla hata mzigo wa kwanza haujashushwa.

Jioni ya siku ya kwanza mama aliona vipele vidogo vyekundu vimejipanga vitatu vitatu kwenye vifundo vya miguu yake. Kesho yake binti naye akatokwa navyo. Siku ya nne baba akamwona kiroboto akiruka kwenye soksi yake nyeupe. Macho ya wote yakamgeukia mbwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijikuna.

Mbwa hakuwaleta. Kiroboto wa paka, ambaye kitaalamu huitwa Ctenocephalides felis na ndiye anayewasumbua zaidi mbwa na paka vilevile, akishampata mnyama hubaki mwilini mwake, akinyonya na kutaga humo humo. Anayemuuma binadamu kwenye kifundo cha mguu mara nyingi ni yule aliyetoka kwenye kifukofuko muda si mrefu, mwenye njaa, ambaye bado hajampata mnyama. Nyumba ile ilikuwa imejaa pupa, yaani viroboto walio kwenye hatua ya mwisho kabla ya kupevuka, wanaongoja. Pupa wa kiroboto anaweza kutulia ndani ya kifukofuko chake miezi kadhaa, hata kufikia mitano, mpaka ahisi mtikisiko wa hatua, joto la mwili na pumzi ya kiumbe hai. Familia ilipoingiza makochi yake ilikuwa inawapigia hodi.

Wiki sita za mwanzo

Hatua ya kwanza ilikuwa kumwogesha mbwa kwa shampuu ya viroboto. Maji yalitoka na viroboto wengi waliokufa, na nyumba nzima ikafurahi. Siku mbili baadaye alikuwa anajikuna kama kawaida. Shampuu ya aina ile huua walio mwilini saa ile ile. Ikishasuuzwa haiachi kinga yoyote, na mbwa anarudi kulala kwenye zulia lile lile.

Ikaja kola, iliyonunuliwa bila kuangalia ina dawa gani. Kisha baba akaamua mbwa alale barazani na asiingie ndani tena. Ulikuwa uamuzi wa mtu anayetaka kumlinda mtoto anayetambaa, na ninauelewa. Paka waliachwa ndani bila kuguswa. “Hawa hawana viroboto, daktari,” mama aliniambia baadaye, “sijawahi kuwaona wakijikuna.”

Wiki ya tatu wakapuliza nyumba dawa ya wadudu ya kopo. Kwa siku nne tano hapakuwa na kiroboto. Halafu wakarudi, na safari hii wakaonekana wengi kuliko mwanzo. Wakapuliza tena. Jirani akashauri mbwa atiliwe kitunguu saumu kwenye chakula. Mama akakataa, na alikuwa sahihi, kwa sababu kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi, na viroboto hakiwafukuzi.

Kufikia wiki ya tano mbwa alikuwa na baka lisilo na manyoya kiunoni, pale mkia unapoanzia, ngozi imekuwa nyekundu na nene. Hiyo ni dalili inayojulikana sana ya mzio wa mate ya kiroboto. Mnyama mwenye mzio huo hahitaji viroboto wengi. Akiumwa mara chache tu anaweza kujikuna siku nyingi. Ndiyo maana mbwa alionekana ndiye mgonjwa, na paka waliokuwa wakibeba viroboto kila siku wakaonekana wazima.

Wiki ya sita baba alinunua dawa ya matone ya mbwa, ile inayodondoshwa shingoni. Muuzaji akamwambia ampe mbwa, na kitakachobaki “mgawie paka, ila kidogo.” Baba akafanya hivyo. Mbwa alipata sehemu kubwa ya kichupa, na paka mzee akadondoshewa matone yaliyobaki nyuma ya shingo. Paka kijana alikimbilia juu ya kabati. Akapona kwa hilo.

Usiku wa paka

Ilianza kwenye masikio, wakanisimulia. Masikio yalikuwa yanashtuka shtuka kama ya mnyama anayefukuza inzi. Kisha masharubu. Ilipofika jioni alikuwa anainua miguu moja moja kama anayekanyaga sakafu ya moto, na nilipopokea lile taulo alilofungwa, mwili mzima ulikuwa unatetemeka bila kupumzika, mboni za macho zimepanuka zimejaa jicho. Nyuma ya shingo manyoya yalikuwa yamegandana kwa mafuta ya dawa, yamesimama kama sindano.

Baba alikuwa ameshika kichupa. Dawa ilikuwa permethrini. Ubavuni mwa kifungashio kulikuwa na picha ya paka iliyopigwa mstari, ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

Permethrini mbwa anaistahimili. Paka haistahimili, kwa sababu ini lake lina uwezo mdogo mno wa kuivunja na kuitoa mwilini, hivyo inabaki na kuchokoza mishipa ya fahamu. Na matone ya mbwa yana dawa nzito sana. Ndiyo maana ile kauli ya “ila kidogo” inaua. Watu hudhani tofauti ya dawa ya mbwa na ya paka ni kipimo, kwamba paka ni mbwa mdogo. Paka si mbwa mdogo.

Dawa ya kuifuta permethrini mwilini haipo. Kinachofanyika ni kuitoa kwenye ngozi na kumsaidia mnyama avuke. Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mara mbili, tukaanza na shingo. Maji ya moto hayafai kwa kuwa yanafungua mishipa ya damu ya ngozi na kuongeza dawa inayoingia. Ya baridi nayo humshusha joto mnyama ambaye tayari yuko taabani. Akawekewa dripu, akapewa methokabamoli kwenye mshipa ili kutuliza misuli, na joto lake likapimwa kila mara usiku kucha, kwa sababu mtetemeko hupandisha joto na mtetemeko ukikoma linaweza kushuka ghafla.

Baba alikaa kwenye kiti hadi alfajiri. “Daktari, ni mimi niliyempaka,” alisema, na akarudia tena baadaye kana kwamba sikusikia. Nilimwambia alichofanya kwa haraka kumleta ndicho kilichokuwa na maana sasa. Mtetemeko uliisha kabisa baada ya saa 30 hivi. Siku ya tatu paka alikula mwenyewe.

Karatasi yenye unyevu

Asubuhi mama alikuja na paka kijana na mbwa. Nilichukua chanuo la viroboto, lile lenye meno yaliyobanana, nikalipitisha kwa paka kijana kuanzia shingoni hadi shina la mkia. Kiroboto hakutoka hata mmoja. Mama akaniangalia kama anayesema, si nilikuambia.

Nikagonga chanuo kwenye karatasi nyeupe niliyoilowesha. Vikadondoka vichembe vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa. Tukasubiri. Polepole kila kichembe kikaanza kuzungukwa na duara la rangi ya kutu, likapanuka, jirani yake likafanya vivyo hivyo, hadi karatasi ikawa na madoa kama ishirini. Uchafu wa kawaida hauachi rangi hiyo. Kile ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka iliyonyonywa, ikapita na kukauka.

Mama alinyamaza. Alikuwa ameyafua matandiko ya mbwa kila wiki na kumtoa mbwa nje, wakati paka wawili walikuwa wanadondosha mayai kwenye kila mto waliolalia. Paka hujilamba sana na humeza viroboto wake. Ushahidi anaula mwenyewe. Paka huyu alikuwa na ushahidi mwingine, kipande cheupe kama punje ya mchele kilichoganda kwenye manyoya chini ya mkia. Hiyo ni pingili ya tegu aitwaye Dipylidium caninum, ambaye mnyama humpata kwa kumeza kiroboto mwenye tegu mchanga ndani yake. Kwa hiyo kumeza kwenyewe kulikuwa kumethibitishwa.

Maamuzi, na kwa nini

Nilianza kwa kuwaeleza hesabu ambayo kila mfugaji anapaswa kuijua. Kati ya viroboto wote waliomo kwenye nyumba iliyovamiwa, wapevu walio mwilini mwa wanyama ni kama asilimia 5 tu. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa, na hao wako sakafuni. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku. Yai ni laini, halishiki kwenye manyoya, huanguka popote mnyama anapopita na hasa anapolala. Buu likianguliwa hukimbia mwanga, hujichimbia chini kabisa ya nyuzi za zulia au ndani ya ufa, na hula kile kinyesi cheusi cha damu kinachodondoka pamoja na mayai. Baadaye husokota kifukofuko chenye kunata ambacho vumbi hugandia, na hapo dawa za kupuliza hazimfikii.

Uamuzi wa kwanza: wanyama wote watatu, siku zile zile, na kila mmoja dawa yake. Mbwa, ambaye hakuwa na historia ya degedege, alipewa kidonge cha kutafuna cha afoksolana kila mwezi. Nilichagua kidonge makusudi, ili kusiwe na dawa nyingine juu ya ngozi yake ambayo paka wanaweza kuilamba. Kwa siku tatu mbwa na paka walitenganishwa, kwa sababu ya ile permethrini iliyokuwa bado mgongoni mwake. Paka kijana alipewa matone ya selamektini yaliyotengenezwa kwa ajili ya paka. Paka mzee hakupewa dawa ya viroboto wiki ya kwanza. Alichanuliwa asubuhi na jioni, chanuo likichovywa kwenye maji ya sabuni, na selamektini akaipata alipokuwa amerudi kwenye hali yake kabisa. Paka wote wawili na mbwa walipewa prazikwanteli ya tegu, kwa makubaliano kwamba itarudiwa, maana nyumba yenye viroboto hurudisha tegu.

Uamuzi wa pili ndio uliozua mabishano: mbwa arudi ndani. Baba hakuukubali mara moja. Nilimweleza hivi. Kiroboto akishaanza kunyonya huhitaji kama siku moja au zaidi kidogo kabla ya kutaga yai la kwanza. Dawa iliyomo kwenye damu ya mbwa humuua kabla ya muda huo. Kwa hiyo mbwa aliyetibiwa, akitembea sebuleni na vyumbani kama alivyozoea, ni mtego unaojipeleka wenyewe kwa kila kiroboto anayetoka kwenye kifukofuko. Ukimweka barazani, viroboto wa sebuleni watabaki na miguu ya mtoto na paka. Yule mbwa anayemfuata mama kila chumba ndiye tuliyemhitaji.

Kuhusu nyumba, sikutaka tena dawa ya jamii ya permethrini ndani ya wiki ambayo paka ametoka kuponea chupuchupu. Tukachagua ya kupuliza yenye pairiproksifeni peke yake. Hii haiui kiroboto mpevu. Huzuia mayai yasianguliwe na mabuu wasifike kuwa pupa. Nilijua tunajinunulia usalama kwa gharama ya muda, kwa kuwa walioko ndani ya vifukofuko wangetoka wote, mmoja mmoja, bila kuzuiwa. Nilikubali gharama hiyo. Familia na wanyama walitoka nje hadi sakafu ikakauka kabisa.

Matandiko yalifuliwa kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Mashine ya kufyonza vumbi ilipita kila siku kwa wiki mbili, na uchafu wake ukatolewa nje ya nyumba papo hapo. Mashine hiyo huondoa mayai na ile damu kavu ambayo mabuu hula, na mtikisiko wake huwaamsha pupa watoke. Tunataka watoke, maana nje ya kifukofuko ndiko mtego uliko.

Binti alipewa kazi ya kuhesabu. Kila usiku waliweka sahani pana ya maji yenye sabuni kidogo sakafuni chini ya taa ndogo, kwa sababu viroboto wapya hufuata mwanga. Sahani haimalizi viroboto, ilikuwa kipimo tu. Aliandika idadi kwenye daftari la shule, na ninaamini daftari lile ndilo lililookoa mpango mzima.

Wiki ya tatu

“Daktari, dawa yako imegoma.”

Mama alisema hivyo kabla hajakaa. Usiku wa kwanza sahani ilikamata viroboto 14. Wiki ya tatu ilifika 37. Walikuwa wamefua, wamefyonza, wamefuata kila kitu, na walikuwa wamechoka. Baba alikuwa tayari ameulizia dawa kali zaidi.

Nikaomba nimwone mbwa. Chanuo lilitoa viroboto wanne, na nikawaweka kwenye karatasi ili sote tuwaangalie. Jike aliyekwisha kunyonya na kuanza kutaga ni mkubwa, tumbo limevimba na rangi yake imefifia. Hawa walikuwa wadogo, bapa, weusi, wawili wakiburuta miguu bila nguvu za kuruka. Nikailowesha karatasi. Haikutoa doa hata moja la kutu. Viroboto walikuwepo na kinyesi hakikuwepo, maana yake hakuna aliyepata nafasi ya kukaa. Wale walikuwa wageni wa asubuhi ile, na hawakuwa wafike jioni ya pili.

Ndipo nikawaambia jambo ambalo ilinipasa kuwaambia siku ya kwanza: kwamba pupa waliotengenezwa kabla hatujaanza wangeendelea kutoka kwa wiki nyingi, kwamba kufyonza kwetu kunawaharakisha, na kwamba idadi kupanda kabla ya kushuka ni sehemu ya njia. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mngetuambia, tusingekesha.” Sikuwa na jibu.

Tulichobadilisha wiki ile ni kimoja tu. Niliwaomba waniambie kila mahali paka mzee anapolala, si anapotakiwa kulala. Binti ndiye aliyejua: nyuma ya kochi kubwa, kwenye blanketi la zamani lililoanguka siku ya kuhama na kusahaulika. Mashine ilikuwa ikipita mbele ya kochi kila siku. Walipolivuta, blanketi lilikuwa limejaa vumbi jeusi la kinyesi na mayai meupe kama chembe za chumvi. Mabuu walikuwa chini yake, vijinyuzi vyeupe vinavyojipinda kukimbia mwanga. Blanketi lilifungwa kwenye mfuko na kutupwa, na sehemu ile ikafyonzwa na kupuliziwa upya.

Matokeo

Wiki ya tano sahani ilikamata 19 kwa usiku. Wiki ya nane, watatu. Wiki ya kumi na moja hakukuwa na kitu, na ikaendelea hivyo kwa wiki nne huku chanuo nalo likitoka safi kwa wote watatu. Prazikwanteli ilirudiwa wiki ya nane na pingili hazikuonekana tena. Baka la mbwa lilianza kuota manyoya mwezi wa pili. Paka mzee hakubaki na athari yoyote niliyoweza kuiona. Dawa za kila mwezi ziliendelea hata baada ya sahani kuwa tupu. Nilishauri angalau miezi mitatu zaidi, na wao wameamua wasiziache kabisa kwa sababu ya mzio wa mbwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kuwatibu wanyama wote bila kuruka hata mmoja. Ningelazimika kubakisha hatua moja tu ya mpango ule, ningebakisha hiyo. Zile wiki sita za mwanzo mbwa alitibiwa mara tatu na kila mara paka walizijaza tena zulia na mito. Kuwa na mnyama mmoja asiyetibiwa ni kuwa na kiwanda cha mayai kinachotembea.

Kumrudisha mbwa ndani kulifaa, ingawa siwezi kusema kila nyumba ifanye hivyo bila kufikiri. Kunafaa pale tu dawa ni ya kuaminika na haijapitwa na tarehe yake ya kurudiwa. Mbwa aliyechelewa kidonge kwa wiki mbili si mtego tena.

Kupuliza dawa mapema kulishindwa kwa namna inayodanganya. Dawa iliua wapevu waliokuwa wazi, ikaonekana imeshinda, na siku nne za kimya zikawashawishi kwamba kinachohitajika ni kuongeza nguvu. Hapo ndipo familia nyingi hutumbukia: dawa kali, halafu kali zaidi, halafu mafuta ya taa, juu ya sakafu ambayo mtoto anatambaa. Pupa hawasumbuki. Baba hakufika kwenye permethrini kwa uzembe. Alifika kwa kupanda ngazi hiyo hatua baada ya hatua, kila hatua ikiwa na mantiki yake.

Kuhusu tukio lenyewe la sumu, nimefikiria sana picha ile ya paka kwenye kifungashio. Mtu anayenunua dawa ya mbwa hatafuti neno paka. Kwa hiyo swali linalookoa inabidi liulizwe na anayeuza au anayeandika dawa: nyumbani kuna wanyama gani wengine? Sasa nauliza hata ninapotoa dawa ya kuhara. Na paka akishapakwa kwa bahati mbaya, asisubiriwe atetemeke. Aoshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo na apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo, pamoja na kichupa. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa. Fipronili nayo, dawa nyingine ya viroboto ambayo mbwa na paka wengi huipata bila shida, ni hatari kwa sungura, na hilo wengi wanalijua wakati sungura ameshalala ubavu.

Daftari la binti lilitupa kitu ambacho macho hayawezi kukitoa. Mtu aliyechoka huwaona viroboto saba kuwa wengi kama thelathini. Wiki ya sita baba alisema hakuna mabadiliko. Tulipofungua daftari idadi ilikuwa chini ya nusu ya kilele.

Kosa langu lilikuwa la maelezo. Dawa nilizichagua vizuri, vipimo vilikuwa sahihi, na nikaiacha familia ikutane na wimbi la pupa bila onyo. Kama mama asingekuja wiki ile na badala yake wangenunua dawa kali waliyoulizia, paka mzee angekuwa hatarini mara ya pili, na kosa lingekuwa la kwangu. Pia niliwaambia “fyonzeni nyumba nzima,” maneno ambayo kwa mtu yeyote yana maana ya sehemu zinazoonekana. Ilikuwa nimuulize binti siku ya kwanza paka analala wapi.

Tangu kisa hicho, kila familia inayotoka kwangu na dawa ya viroboto inapata karatasi yenye tarehe tatu. Ya kwanza ni ya kurudia dawa. Ya pili iko wiki mbili hadi nne mbele, na pembeni yake naandika kwamba hapo huenda wakaonekana wengi zaidi. Ya tatu iko miezi mitatu mbele, na hiyo ndiyo ya kwanza ambayo mtu anaweza kuja kuniambia dawa imegoma. Na siku hiyo naomba aje na mnyama kila aliye nyumbani, hata yule ambaye hajawahi kuonekana akijikuna.